Kiti Tulichomnunulia Nyawira

Msichana wa duka aliniuliza mtoto ana uzito gani, nami nikamjibu kabla hajafunga mdomo. Kilo kumi na mbili. Akaniangalia kidogo. Kifuani alikuwa amebandika jina lake, Beryl, na kucha zake zilikuwa ndefu hivi kwamba nilijiuliza anafungaje mikanda ya hivyo viti anavyouza.

"Na umesema ako na miaka ngapi?"

"Anaingia minne."

"Aki kumi na mbili ni kidogo. Labda ni mwembamba?"

"Wewe ndiye ulimzaa?"

Akakunja uso. Hivyo ndivyo ninavyoongea, usishangae. Kwetu Mwala walinizoea zamani, na Waweru mume wangu siku ya kwanza kuniona alinikuta nikigombana na mtu kwa foleni ya benki, na bado akanioa. Kwa hivyo hakuna aliyedanganywa.

Waweru mwenyewe hakuwa dukani. Alibaki nje kwa gari kwa sababu anaogopa maduka ya mtaa wa Karen. Anasema humo ndani hata hewa wanaiuza. Tulikuwa wawili, mimi na Beryl, na ukuta mzima wa viti vya watoto vya gari. Kulikuwa na vya wachanga, ambavyo mtoto huangalia nyuma. Kulikuwa na vya kati, vyenye mikanda yake yenyewe. Halafu vile vya watoto wakubwa, vya kumwinua tu ili mkanda wa gari umkae vizuri. Sikuhitaji kuelezwa. Nilienda moja kwa moja kwa kile cha kati, cha kijivu, nikafungua mikanda, nikaifunga tena, kla, kla, nikavuta utepe wa mbele, nikalegeza, nikavuta tena. Beryl akasahau kunikasirikia.

"Ai! Umejulia wapi hii yote?"

"Kazini."

Kazini ni Ghuba, Arabuni. Niliondoka Nyawira wangu akiwa ndio ameanza kukaa bila mto wa kumwegemeza. Nilienda kwa mkataba mmoja, ukaongezwa, na nimerudi juzi tu, Jumatano. Huko nilikuwa yaya. Sikukaa sana kabla madamu hajajifungua msichana, Reem, nikapewa mikononi akiwa hata macho hajayafungua vizuri. Nimemlea Reem mpaka akajua kukimbia. Na kila asubuhi ya Mungu nimemfunga kwa kiti cha gari, cha kijivu kama hiki hiki, dereva akingoja, madamu akijipaka rangi ya midomo kwa kioo cha mbele. Yule madamu ukimpakata mtoto ndani ya gari anakupigia kelele kana kwamba umemwangusha. Nikajifunza. Vidole viwili viingie chini ya mkanda, visizidi. Mkanda utokee sawa na bega. Na mtoto avuliwe koti kabla hajafungwa, kwa sababu ndani ya koti ni hewa, na hewa haishiki mtoto.

Nikuambie ukweli, tangu nitue sikuwa nasikia kitu. Watu wanadhani mtu akirudi atapiga magoti uwanja wa ndege abusu lami. Waweru ndiye aliyelia. Mimi nilimpigapiga mgongoni kama mtu anayemsaidia mgeni kukohoa. Nikafika nyumbani, nikala ugali na sukuma wiki niliyoiota miaka yote hiyo, ikawa ni ugali na sukuma wiki. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya kanisani. Nikajiambia ni uchovu wa safari. Nikishamchukua Nyawira, itaisha.

Na kumchukua Nyawira ndiyo ilikuwa kazi. Alikuwa Kinoo, kwa mama ya Waweru, ambaye pia anaitwa Nyawira, kwa maana kwao binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na ukishapewa jina, wewe ndiye yeye. Waweru humwita binti yake "mama" mbele za watu na hakuna anayecheka. Yule mkubwa sisi tunamwita Shosho. Shosho alikuwa ameniambia kwa simu, bila kupandisha sauti, "Munyiva, mtoto ni wako. Siku ukija, akikubali kuingia kwa gari, mchukue. Akikataa, sitamsukuma. Atabaki hapa, aanze shule hapa."

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yangu, aingie garini au asiingie. Ndiyo maana sikukanyaga Kinoo Alhamisi wala Ijumaa. Waweru alinishangaa. Nikamwambia siendi kumwona mtoto halafu nimwache tena mlangoni. Nimeshamwacha mara moja na inatosha. Nitaenda siku gari liko tayari na kiti kiko ndani, nimwone na nije naye. Kwani ningepata nini kwa kumwangalia tu? Kumwangalia nilikuwa nimemwangalia kwa simu mpaka nikachoka. Shosho huishika simu karibu kabisa na uso wa mtoto, kama anayetaka niinuse, kwa hivyo binti yangu nilimjua kuanzia nyusi mpaka kidevu. Kutoka hapo kwenda chini ilikuwa ni habari ya kusikia.

Nikabeba kiti changu mwenyewe mpaka kwa gari. Beryl alinifuata na karatasi ya maelezo, nikamwambia ajiwekee.

Gari letu ni Fielder, imetoka Japani, na kama magari mengi ya Nairobi, mwenyewe wa kwanza alivivalisha viti kava kabla hata haijazoea barabara. Kava nyeusi, mshono mwekundu, zimebanwa zikabanika. Vifungo vya mikanda ya nyuma vilikuwa vimemezwa huko chini. Na vile vyuma viwili vya kushikia kiti cha mtoto, ambavyo hukaa pale mgongo wa kiti unapokutana na pa kukalia, navyo vilishonewa ndani. Waweru hakujua viko. Alikuwa ameendesha hiyo gari muda wote huo akiamini kwamba nyuma haina mikanda.

"Kwani nyuma ni nani hufunga?" akaniuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Tukarudi na Ngong Road mpaka Dagoretti Corner, ambako tumepanga nyumba, tukaenda kwa Kibe, fundi wa kava. Kibe aliweka chai yake chini, akasikiliza habari yote, akasikitikia kava.

"Madam, nikikata hapa, hii kava imekufa."

"Izike."

Akacheka mpaka akashika kiuno, halafu akachukua wembe. Alipomaliza kukata, vile vyuma vikaonekana, bado vinang'aa, havijawahi kuguswa na mtu. Niliwaambia wote wawili wasogee. Nikaingiza miguu ya kiti, ikanasa. Nikapiga goti ndani ya kiti na uzito wangu wote, nikavuta utepe wa juu, nikaukaza, nikapumua, nikakaza tena. Kibe alikishika akakitikisa, gari zima likayumba, kiti kikakaa palepale.

"Huyu mtoto atakaa kama waziri," akasema.

Nilipaswa kufurahi. Niliona tu kwamba kazi imekaa sawa, jinsi unavyoona sufuria imetakata. Kisha nikapanga mikanda ya mabega. Sikupima. Mikono ilienda yenyewe kwa zile tundu za katikati, ikapitisha mkanda, ikaukaza, ikaacha nafasi ya kifua. Akili yangu ilikuwa kwa maziwa, kama yako nyumbani au tununue njiani.

Waweru akachungulia ndani. "Munyiva. Hiyo mikanda si iko chini?"

"Umewahi kufunga mtoto kwa kiti?"

"Hapana."

"Basi."

"Nasema tu. Mama amekuwa mrefu kidogo."

"Waweru, mimi hii kazi nimeifanya kila siku ya Mungu. Wewe endesha."

Akafunga mlango polepole, vile yeye hufunga mlango akiwa na neno na ameamua kulimeza. Hiyo tabia yake inaniudhi sana. Mtu ukiwa na neno, si uliseme mara ya pili?

Tulipita Kawangware, tukatokea Uthiru, tukashika Waiyaki Way. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, yale ya Julai yasiyolowesha mtu wala kumwacha mkavu. Kila nikigeuka niliona kile kiti kitupu nyuma, mikanda imelazwa vizuri pande mbili, tayari. Waweru alijaribu mazungumzo. Nikamjibu ndio, la, ndio. Nilikuwa najiuliza nitasikia nini nikimwona, na nilikuwa naogopa kwamba sitasikia chochote.

Kwa Shosho ni plot yenye vyumba vya kupangisha huko nyuma, nyumba yake mbele, na ng'ombe mmoja katikati anayejiona mwenye nyumba. Shosho alitoka akijifuta mikono. Nyuma ya sketi yake kulikuwa na furushi. Sina neno lingine. Kofia ya sufu mpaka kwa nyusi, sweta juu ya sweta, shali imezungushwa na kufungwa fundo mgongoni, suruali nzito chini ya sketi. Na juu ya furushi, uso. Ule uso wa simu.

"Umekuja, Munyiva," Shosho akasema.

"Nimekuja, Mama."

"Umekonda."

"Ni ile ndege."

Akanishika mkono akakaa nao muda mrefu bila kuutikisa. Shosho si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya kidogo, ingenisaidia.

Furushi likavuta sketi yake. "Shosho, huyu ni mama wa simu?"

"Ndiye."

Mtoto akanitazama juu chini, akatafuta salamu inayonifaa. "Sasa," akaniambia.

"Poa," nikamjibu.

Hiyo ndiyo salamu yetu ya kwanza. Nilingoja moyo ufanye kitu. Moyo ulikaa kimya kama fundi aliyekwisha lipwa. Tukaingizwa ndani, tukanywa chai, kwa sababu kwa Shosho huwezi hata kuja kusema kuna moto bila kunywa chai kwanza. Waweru akala mandazi yake na yangu. Nyawira alikaa kwenye mkono wa kiti cha Shosho, ananiangalia, ananiangalia tena, na nikimwangalia mimi yeye anaangalia kalenda ukutani.

Mwishowe Shosho akaweka kikombe chini.

"Nyawira, mama yako amekuja na gari. Anataka uende ukae kwao na baba. Utaenda?"

Niliwasikia wapangaji wakifua huko nyuma. Waweru aliacha kutafuna.

"Kuna kiti yangu?" mtoto akauliza. Waweru alikuwa amemwambia kwa simu.

"Kiko," nikasema.

"Yangu peke yangu?"

"Yako peke yako."

Akateremka, akavaa viatu vyake vya plastiki, akatoka nje mwenyewe mpaka kwa gari, akasimama mlangoni akingoja afunguliwe. Waweru alinifinya mkono mpaka ukauma. Shosho aligeukia dirisha akasema huyo ng'ombe hajapewa maji, na ng'ombe alikuwa na maji. Nami nikajua imekubalika. Mtoto amekubali. Jambo nililokuwa naogopa miaka yote lilikuwa limepita, jepesi hivyo, na bado sikusikia kitu.

Akapanda kwa kiti bila kusaidiwa. Nikaweka mikono yake kwenye mikanda, nikashika kifungo, nikavuta. Hakikufika. Kilibaki mbali, mkono mzima.

"Ni shali," nikasema. Nikafungua fundo, nikaitoa.

"Kuna baridi," Shosho akasema nyuma yangu.

"Mama, mtoto hafungwi na shali. Gari likishika breki atachomoka humo ndani kama sabuni."

Nikalegeza utepe wa mbele mpaka mwisho, nikavuta tena. Hakikufika. Nikavua sweta ya juu, ile ya vifungo. Nikavuta. Nikavua ya pili, ya kuingiza kichwa, na kofia ikatoka nayo.

"Alikuwa na kifua mwezi wa tano," Shosho akasema.

"Na kwa hivyo mkamvalisha duka lote? Woi! Hii ni sweta ya ngapi? Mnataka apumulie wapi?"

Nilikuwa nimeanza kupandisha hasira, na nikuambie, ilikuwa tamu, kwa sababu ilikuwa kitu cha kwanza kusikia tangu Jumatano. Nikavua sweta ya tatu nikiitupa kwa Waweru bila kuangalia. Nikavua fulana nzito iliyokuwa chini yake. Nilimmenya kama kitunguu, nikitafuta ndani yake mtoto mdogo wa kutosha kwenye kile kiti. Hakuwamo. Kadiri nilivyovua ndivyo alivyozidi kuwa mkubwa. Akabaki na fulana nyepesi, mikono mitupu imesimama vipele vya baridi, na mabega yake yalikuwa juu, mbali kabisa na pale mikanda ilipotokea. Mikanda ilitokea mbavuni. Nikaihamisha mpaka tundu za juu kabisa, na bado bega lilipita. Kichwa kilichungulia juu ya mgongo wa kiti.

Nikavuta kifungo mara nyingine. Nyawira aliona kazi ninayofanya. Akavuta tumbo ndani, akakaza midomo, akaacha kupumua ili kifungo kifike.

"Pumua," nikamwambia.

"Nivute zaidi?"

"Hapana. Pumua."

Ndipo nilipojua mikono yangu ilikuwa imempima nani. Kilo kumi na mbili ni Reem. Zile tundu za katikati ni bega la Reem. Kijivu ni rangi ya kiti cha Reem. Nilikuwa nimeingia dukani kumnunulia binti yangu kiti, nikaulizwa swali ambalo mama yeyote hulijibu, nikalijibu sawasawa kabisa, kuhusu mtoto wa watu.

Waweru alisimama na sweta zote begani kama mtu wa mitumba. Hakusema "nilikuambia". Angesema ingekuwa afadhali.

"Si umpakate tu?" Shosho akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Kinoo na Dagoretti ni hapo tu. Kila mtu hupakata."

"Nitaendesha polepole," Waweru akasema.

Nilitaka. Usiniulize kama nilitaka. Ningemweka mapajani, ningezungusha mikono, na tungefika, pengine, jinsi watu hufika kila siku. Lakini nilijua vizuri mno mikono hushika nini gari likigonga. Haishiki. Nilikuwa nimekatazwa kumpakata mtoto wa mwingine. Wangu ndiye nimpakate?

"La," nikasema.

"Basi atabaki," Shosho akasema. Hakufurahi, na hakuhuzunika, na wakati huo nilimchukia kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu alisema kweli.

Nikaingia nikakaa kando ya kile kiti, mlango wazi, manyunyu yakiingia. Nyawira hakutaka kushuka. Alikuwa anapapasa kitambaa.

"Hii ni kiti ya nani?" akauliza.

"Ni yako."

"Hainitoshi." Alikuwa mvumilivu, kama mwalimu. "Ni ya nani?"

Waweru na Shosho wote walikuwa wananiangalia. Ningeweza kudanganya, na sikuona haja.

"Ni ya Reem."

"Reem ni nani?"

"Ni mtoto niliyekuwa namlea kule."

"Ni mtoto wako?"

"Hapana. Ana mama yake."

"Mama yake humfunga kwa kiti?"

"Hapana. Ni mimi nilikuwa namfunga."

Akafikiria. "Sasa ni nani anamfunga?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Waliniuliza kama kule ni joto, kama walinipiga, kama niliona ngamia. Siku niliyoondoka nilimfunga Reem kama kawaida. Madamu alikuwa ameniambia nisimuage, ataharibu asubuhi kwa kulia. Kwa hivyo nikamfunga, nikapitisha vidole viwili, nikafunga mlango wa gari, naye akanipungia mkono wenye biskuti, kwa sababu alijua nitakuwepo akirudi. Nikaingia ndani nikachukua begi langu. Sikuwa na mtu wa kumwambia habari hiyo. Ungemwambia nani? Umeenda kwa watu kutafuta riziki, umemwacha mtoto wako nyumbani, halafu urudi na majonzi ya mtoto wao?

"Sijui," nikamjibu Nyawira. "Sijui ni nani anamfunga."

Na hapo ikanipasuka. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, makamasi, kila kitu. Nilimlilia mtoto wa watu mbele ya mtoto wangu, na nilijua ni aibu, na sikuweza kuacha. Ng'ombe aligeuka kuniangalia. Mpangaji mmoja alitokeza kichwa akarudi. Iliuma kweli kweli, kama damu inaporudi mahali ilipokuwa imekatika, na ndani ya uchungu huo alikuwemo Reem, na alikuwemo mtoto mwingine pia, wa kukaa bila mto, niliyemwacha kwenye mkeka hapa hapa Kinoo na sitamwona tena.

"Shosho," Nyawira akasema, akinionyesha kwa kidole. "Analilia mtoto wake."

"Mtoto wake ni wewe," Shosho akamwambia.

Nyawira akatikisa kichwa. Hakukasirika. Alitaka tu mambo yakae vile yalivyo. "Mimi nilikuwa mdogo," akasema. "Halafu akaenda."

Shosho akafungua mdomo amkemee, nikamzuia kwa mkono.

"Ni kweli," nikamwambia mtoto. "Ulikuwa mdogo, nikaenda. Ukakua na mimi siko. Nimekununulia kiti cha mtoto mdogo kwa sababu sikujua umefika wapi."

"Nimefika hapa," akasema, akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

Nikamshusha, au nilijaribu. Nilimshika chini ya kwapa, nikainua kwa nguvu niliyozoea, hakuinuka. Ikabidi nipange miguu upya, nivute pumzi, niinue kama mtu anayeinua mtu. Alikuwa mzito. Alinuka moshi na mafuta ya kupaka na maziwa. Nikaanza kumvalisha sweta zake pale pale kando ya gari, na nikazivalisha vibaya.

"Hiyo ni ya juu," akaniambia. "Hiyo ya kijani kwanza."

"Ya kijani kwanza," nikarudia.

Waweru alikuwa ameshaanza kukifungua kile kiti. Hakujua pa kubonyeza, nikaenda nikambonyezea, kikatoka.

"Kirudishe Karen," nikamwambia. "Chukua cha wakubwa. Wewe ndiye unamjua urefu, usiniulize mimi."

"Na wewe?"

"Mimi sitoki hapa."

"Leo?"

"Mpaka aseme twende."

Alimwangalia mama yake. Shosho alikuwa amekunja shali mara ya pili na ya tatu, mpaka ikawa ndogo kama kitambaa cha mkono. "Kitanda ni kimoja," akasema mwishowe, "na mwenyewe hulala upande wa ukuta, na anapiga mateke." Halafu akaingia jikoni, na tukamsikia akiongeza maji kwa sufuria.

Gari likatoka langoni. Nyawira alisimama kando yangu akilitazama mpaka likapinda, kisha akanitazama mimi, kama anayehakikisha kwamba sikuwa ndani yake.

"Hata kesho utakuwa hapa?"

"Hata kesho."

Akanitangulia mpaka mlangoni, halafu akageuka, akaangalia miguu yangu.

"Basi vua viatu," akasema. "Wageni ndio wanaingia na viatu."

Nikainama, nikavua.